Wimbo Niliomtumia Mama Redioni

Kinyozi alipompaka mwanangu spiriti shingoni, mashine bado ikiwa na moto mkononi mwake, ile harufu ilinipanda puani na nikajua kuna jambo linakuja kabla sijajua ni jambo gani. Ilikuwa Jumapili mchana mjini Kisii. Mvua ilikuwa imeanza upande wa sokoni na wauza ndizi walikuwa wakifunika mikungu yao kwa nailoni. Nilikuwa nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu wiki nzima, nimefua, nimepika, nimekwenda mazishi mawili, na nilikuwa na uchovu ule ambao hata ukikaa hauondoki, unakaa nawe.

Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alikuwa anatazama simu. Ghafla gitaa likakwaruza, ngoma zikaanguka kama mabati yanayoteremshwa kutoka kwenye lori, na mwanamume akaanza kuongea haraka haraka, halafu akapiga kelele. Kijana akacheka, akawageuzia wenzake simu. Kulikuwa na mbuzi amepanda juu ya meza ya harusi, na kila mwimbaji alipopiga kelele, mbuzi naye alifungua mdomo. Kibanda chote kikacheka.

"Mathe, hiyo ndiyo ngoma ya mbuzi," mwanangu akaniambia kupitia kioo.

"Naijua," nikamjibu.

Sikumwambia kwamba niliijua kabla haijawa ya mbuzi. Sitautaja wimbo wenyewe kwa jina. Ninyi wa rika langu mtaujua bila kutajiwa, kwa sababu uliwapata popote mlipokuwa. Ulikuwa nusu rap, nusu rock, umeimbwa na wazungu ambao hatukuwahi kuona sura zao, na ulifika kwetu vilimani kama homa. Ulianza kwa vinyozi. Ukaingia kwenye vibanda vya video, ukawa wimbo wa wanamiereka wanaoingia ulingoni wakitoa macho. Wanafunzi wakaupiga kwenye mabasi ya shule wakitoka mashindanoni. Mwaka mmoja mgombea fulani aliupiga kwenye mkutano wake na wazee wenye bakora wakatikisa vichwa kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Vijana wa kanisa letu waliuchukua mdundo, wakauwekea maneno ya Yesu, wakakatazwa. Baadaye ukawa mlio wa simu za watu wa bodaboda, kisha ukapotea, na sasa umerudi, ni wa mbuzi. Umezeeka kama mtu aliyekuwa na hasira za kweli ujanani, ambaye sasa watu wanamwalika harusini awachekeshe.

Mimi ulinifikia kupitia kwa dada yangu Kwamboka. Tulikuwa wawili tu, yeye kidato cha tatu katika shule ya bweni, mimi darasa la nne, na nyumba yetu ilikuwa Sironga, chini kidogo ya barabara, chai ikianzia karibu mlangoni. Kwamboka alikuja likizo na sanduku lake la bati, na ndani ya sanduku, chini ya sketi, kulikuwa na kaseti aliyorekodi kutoka kwenye redio ya rafiki yake. Mwanzo wa wimbo haukuwepo kwa sababu mtangazaji alikuwa bado anaongea. Alikuwa pia na daftari la hisabati, na kurasa za nyuma za daftari hilo zilikuwa zimejaa maneno ya wimbo kwa Kiingereza, yameandikwa kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeogopa karatasi itaisha.

Redio kaseti ilikuwa ya tata. Kwetu, kwa wasiojua, baba mzazi anaitwa tata, na mama ndiye anayeitwa baba. Nimeeleza jambo hili maisha yangu yote kwa watu wa kutoka kwingine na bado wananitazama kama ninawatania. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha mara nyingi mbele ya darasa. Ningesema, "Baba ananyonyesha," darasa lingekaa kimya, kwa sababu wote wangesema vivyo hivyo, na mwalimu, ambaye alitoka mbali, angefunga kitabu na kufumba macho. Nilijua kanuni. Nikiulizwa polepole ningeisema sawasawa. Lakini moyo ukishikwa, mdomo wangu ulirudi nyumbani.

Redio, basi, ilikuwa ya tata, na kazi yake ilikuwa nyimbo za kwaya, taarifa ya habari na kipindi cha salamu cha alasiri. Tata alikuwa mzee wa kanisa. Alipokwenda kwenye vikao vyake, Kwamboka aliingiza kaseti yake na kupunguza sauti hadi ikawa kama mtu anayegombana ndani ya chungu. Mama angepita na kuni, angesimama, angesikiliza.

"Huyu mtu anaumwa wapi?" aliuliza siku moja.

"Haumwi, baba. Amekasirika."

"Ah," mama alisema. "Basi mwache aseme." Akaenda kupuliza moto.

Mimi nilisikia neno moja tu katika kelele ile yote. Yule mwanamume aliongea, akaongea, akakosa pumzi, na mahali pale ambapo gitaa zilianguka zote pamoja, akapasua koo: Baba. Baba. Nilisikia wazi kabisa. Kwa hiyo niliuelewa wimbo. Mzungu mzima, mwenye nguvu za kupiga kelele kiasi kile, alikuwa amepotelewa na mama yake na alikuwa anamwita. Nilimhurumia sana. Nilishangaa tu kwamba alijua kuita kwa lugha yetu, lakini nilidhani kila mtu, akifika mwisho wa nguvu zake, anaita hivyo.

Likizo ilipokaribia kwisha ilikuja Sabato moja ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Tata alitoka kanisani na wageni kumi na mmoja. Hakuwa amesema watakuja. Hakuwahi kusema. Mama alikuwa amechuma majani chai wiki nzima, Ijumaa alikuwa amepika kabla jua halijatua kama inavyotakiwa, na chakula kile kilikuwa cha watu wanne. Akaanza upya. Niliona mgongo wake ukiingia na kutoka jikoni, ukiingia na kutoka. Chai ilipofika, ilikuwa na moshi. Mgeni mmoja akaonja, akaweka kikombe chini.

"Huyu wangu," tata akasema, "hata akiongezewa siku ya nane kwenye wiki bado atachelewa, na chai bado itanuka moshi."

Wageni wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa wameshiba maneno mazuri tangu asubuhi na walikuwa wepesi wa kucheka. Mama pia alicheka, amesimama na birika. Nami nilicheka, kwa sababu nilipenda ile hesabu ya siku ya nane. Kwamboka peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na midomo yake ilikuwa inatikisika, haraka, bila sauti, na nilijua ni maneno ya lile daftari.

Siku iliyofuata, Jumapili, mama alichuma chai kutoka alfajiri. Jumatatu akachuma tena, akapeleka kikapu kwenye kituo cha kununulia majani, akapanga foleni, wakapima. Kisha alimkabidhi jirani kikapu kitupu akamwambia akipeleke kwa Kwamboka. Jirani alifikiri anaenda kujisaidia. Alipanda kuelekea barabarani na gauni lake la shambani, na hakurudi.

Tata alituambia ameenda Nyaramba kumwuguza nyanya. Aliwaambia majirani hivyo, na kanisani akaomba maombi kwa ajili ya nyanya. Niliamini. Kila jioni nilimwombea nyanya apone haraka, nikitaja viungo vyake kimoja kimoja kwa kuwa sikujua ni kipi kinachomsumbua. Shule zilipofunguliwa, mimi nilikwenda, lakini sanduku la Kwamboka lilibaki chini ya kitanda.

"Subiri kwanza," tata alimwambia. "Mama yako akirudi utaenda."

"Atarudi lini?"

"Subiri kwanza."

Kwa hiyo Kwamboka akawa mama. Sijui niseme vipi jambo hili kwa namna nyingine. Asubuhi niliamshwa na mkono wake, nikapewa uji wake, nikarudi jioni nikamkuta mgongo wake ukiingia na kutoka jikoni. Aliingia kwenye chai umande ukiwa bado haujakauka, nailoni imefungwa kiunoni, na alichuma kwa mikono miwili huku akiimba. Haikuwa kuimba hasa. Alikuwa akiyatema yale maneno ya Kiingereza mstari kwa mstari, kwa mdundo wa vidole vyake, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na akifika pale gitaa zinapoanguka alinyamaza, kwa sababu hakuwa na koo la kupiga kelele ile, au aliogopa majirani. Basi nilimsaidia. Nilikuwa mstari wa pili na kikapu kidogo, nikainua kichwa na kuita, "Baba! Baba!" bonde likaitika.

Aligeuka akanitazama. Kisha akarudi kwenye chai, na tangu siku hiyo kila alipofika mahali pale aliniachia nafasi.

Sabato ya nne bila mama, mjomba wetu wa Nyaramba, kaka yake mama, alifika na gunia la viazi. Aliketi, akapewa maziwa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na dada yangu yuko wapi? Mama ananiuliza mbona hamletei watoto." Tata alisimama, akamshika mjomba kiwiko, wakaenda kusimama nyuma ya nyumba, katikati ya chai. Niliwaona kupitia dirishani. Mjomba aliongea kwa mikono yake. Tata hakuinua mkono hata mmoja.

"Nyanya amepona?" nilimuuliza Kwamboka.

"Nyanya hakuwa mgonjwa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya hapo mama alikuwa mahali. Sasa hakuwa popote. Nilianza kuona mambo ambayo nilikuwa nimeyatazama bila kuyaona: kwamba tata alitoka Jumatano mbili mfululizo na viatu vyake vyeusi akarudi na matope hadi magotini, kwamba hakuwa anakula, kwamba kwenye kipindi cha salamu alisogeza kiti karibu na redio kama mtu anayetegemea kutajwa.

Kipindi kile kilikuwa cha Kiswahili na watu walituma kadi. Mtu wa hapa alimsalimia mtu wa kule, akaomba wimbo, na mtangazaji, mwenye Kiswahili laini kuliko cha mwalimu wetu, alisoma majina hadi pumzi ikamwisha. Nilipiga hesabu yangu ya mtoto. Mama yuko mahali penye redio, kwa sababu kila mahali pana redio. Mzungu yule anajua kumwita mama kwa nguvu kuliko mimi. Nitaomba aitwe.

Kadi niliipata kwa Owino, kinyozi wa pale sokoni Sironga, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mpole, ambaye pia aliuza stempu na wembe na peremende. Kwenye kibanda chake wimbo ule ulipigwa hadi kaseti ikaanza kulia kama paka. Nilimpa mayai mawili kwa kadi moja yenye stempu. Aliyageuza mayai juani, akaona ni mazima, akauliza, "Unamwandikia nani?"

"Baba."

"Mzee si yuko nyumbani? Nimemwona asubuhi akipita."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika nikiegemea benchi lake, shingo za watu zikinukia spiriti juu ya kichwa changu. Nakumbuka kila neno. Mimi ni Moraa wa Sironga, darasa la nne. Ninamsalimia baba yangu popote alipo. Kwamboka hajarudi shule. Ninaomba ule wimbo wa wazungu wanaopiga kelele wakimwita baba. Ninasema baba rudi nyumbani. Owino aliisoma, akakuna kidevu, akataka kusema jambo, kisha akaiweka kwenye mfuko wa shati lake pamoja na barua nyingine za kupeleka posta.

Wiki mbili zilipita. Alasiri ile mvua ilikuwa imetuingiza ndani sote. Tata alikuwa kwenye kiti chake, kikombe cha chai kimetulia gotini. Kwamboka alikuwa anachambua maharagwe. Mtangazaji alisoma kadi tatu au nne, kisha akacheka kidogo.

"Hapa kuna kadi ya mtoto," alisema. "Moraa wa Sironga, darasa la nne. Anamsalimia baba yake popote alipo. Anasema Kwamboka hajarudi shule. Sasa, mzee, baba yake Moraa, kama unanisikia huko uliko, watoto wanakungoja. Nyumba bila baba ni kazi ngumu. Rudi nyumbani, mzee. Wimbo alioomba si wa kipindi hiki, lakini mtoto ni mtoto, tusikilize kidogo."

Na kelele ikaanza, nyumbani kwetu, kwa sauti kubwa, mbele ya tata.

Kwanza nilifurahi. Kisha nikasikia, kwa kuchelewa, nilichokuwa nimeandika, kama vile mwalimu amesimama nyuma yangu. Nilimtazama tata. Alikuwa ameketi wima. Alikuwa katika nyumba yake, kwenye kiti chake, na kote bondeni, katika kila nyumba yenye betri, watu walikuwa wamesikia kwamba amepotea na kwamba arudi. Nilingoja anyanyuke. Nilingoja mkanda. Kikombe kiliinama gotini pake, chai ikamwagikia suruali, naye hakukiondoa. Wimbo ulikatwa katikati, mtangazaji akaingia na salamu za mtu wa Molo, na tata bado alikuwa ameketi vile vile, akitazama mlango kana kwamba kuna mtu amebisha.

"Ni kweli," alisema mwishowe. Hakumwambia yeyote. Akaweka kikombe chini, akavaa koti, akatoka kwenye mvua, na tulimwona akitembea kati ya mistari ya chai, juu, chini, bila kuchuma kitu.

"Moraa," Kwamboka aliniita. Sauti yake ilikuwa imechoka, ya mtu mzima. "Wewe unadhani wimbo ule unasema nini?"

"Anamwita mama yake."

"Hasemi baba. Ni Kiingereza. Anasema 'bother.' Usijisumbue. Usijisumbue kunitafuta, usijisumbue kuniita, mimi sirudi. Ndiyo wimbo mzima."

Maharagwe yalikuwa yanaanguka kwenye sufuria moja moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Kule shambani uliita vizuri," alisema. "Nilitaka uendelee."

Sijui kama ninyi mmewahi kupewa mzigo mkubwa kuliko umri wenu. Siku tatu zilizofuata sikula. Nilikuwa nimemtumia mama, mbele ya nchi nzima, maneno ya kumwambia asijisumbue, na kama alikuwa akifikiria kurudi, basi alikuwa amesikia kwamba hatumtaki. Na tata nilikuwa nimemwaibisha. Shuleni watoto waliniuliza baba yangu alipotelea wapi. Kituoni wanawake walimuuliza Kwamboka, huku wakijua, "Mzee amerudi?" Hakuna aliyetaja Nyaramba tena. Uongo ule uliisha wenyewe, bila mtu kuukana, na ajabu ni kwamba tata hakuonekana kuutafuta. Ijumaa alimwendea mzee mwenzake wa kanisa, na Sabato hakukaa mbele. Alikaa nasi nyuma, magoti yake makubwa yakigusa benchi la mbele.

Mama alikuja Jumapili asubuhi. Alikuja kwa miguu yake akiteremka kutoka barabarani, kitambaa kipya kichwani na gauni lile lile la shambani limefuliwa hadi likapauka. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Nilikuwa nikifagia uwanja. Nilisimama na ufagio, sikumkimbilia, kwa sababu nilikuwa nangoja aseme amekuja tu kuchukua vitu vyake.

"Umekonda," alisema.

"Sikujua kwamba ule wimbo unasema hivyo," nikamwambia, nikaanza kulia. "Mimi nilifikiri anakuita."

Hakuelewa ninasema nini kuhusu wimbo. Ilibidi nimweleze kati ya kwikwi. Yeye, kumbe, alikuwa mjini Kisii muda wote ule, akiuza ndizi mbivu kando ya mama mmoja mwuza samaki aliyemkaribisha chumbani kwake. Redio ilikuwa ya yule mwuza samaki. Walikuwa wamekaa chini ya mwavuli mmoja mvua ikinyesha, na mtangazaji aliposema Moraa wa Sironga anamtafuta baba yake, yule mama alisikitika, akasema wanaume wa siku hizi wanatupa watoto.

"Mimi nikamwambia si mwanamume," mama alisema. "Nikamwambia ni mimi. Ile kelele sikuisikiliza. Nilisikia 'baba' nikajua ni wewe. Mwalimu wako bado hajakufundisha?"

"Alinifundisha. Nilisahau."

"Ulifanya vizuri kusahau."

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba Sabato saba, kama alikuwa amepotea. Alilifikiria kwa uaminifu, jinsi alivyofikiria maswali yangu yote.

"Sikupotea. Nilichoka," alisema.

Jibu hilo halikunitosha. Nilikuwa na miaka tisa, na kuchoka kwangu kulikuwa jambo la jioni, linaloisha ukilala. Nilitaka kuwe na mwizi, au ugonjwa, au mzungu. Imenichukua hadi umri huu, na madaftari haya, na watoto hawa, na magoti haya yanayolia nikipanda ngazi, kuelewa kwamba alikuwa ameniambia kila kitu. Kwamboka alirudi shule Jumanne, akarudia muhula aliokosa, akamaliza, na leo anaishi mbali na hapendi kuzungumzia chai. Mama na tata waliishi pamoja hadi uzeeni. Sitawadanganya kwamba tata aligeuka akawa mtu mwingine, wageni waliendelea kuja na yeye aliendelea kuwapenda. Lakini alikuwa anatuma habari kabla. Na asubuhi ile niliona jambo ambalo sijawahi kulisimulia kwa mtu.

Tata alitokea nyuma ya nyumba akamkuta mama amesimama uwanjani. Alivua kofia. Walisimama hatua tano hivi kati yao.

"Nimekuja kumpeleka Kwamboka shule," mama alisema.

"Ndiyo."

"Lakini kwanza nataka kulala."

"Lala," tata alisema.

Mama aliingia ndani, hakufungua hata kitambaa cha kichwa, akalala kwenye kitanda chao mlango ukiwa wazi nusu. Nilichungulia mara nyingi kuhakikisha anapumua. Saa sita jikoni hapakuwa na moto. Kwamboka aliinuka kwa mazoea, tata akamwambia akae na vitabu vyake. Alileta mkungu wa ndizi mbichi, kisu na sufuria, akaketi kwenye kigoda pale mlangoni, akaanza kumenya. Sijui kama aliwahi kumenya ndizi kabla ya siku hiyo.

Mchana wanawake wanne wa kanisa waliteremka kutoka barabarani, wamevaa vizuri, wamesikia. Walisalimu. Walitazama kisu, wakatazama ndizi, wakatazamana.

"Mama Kwamboka yuko?" mmoja aliuliza.

"Yuko. Amelala."

"Saa hizi? Ni mgonjwa?"

"Amechoka," tata alisema.

Yule mwanamke alitafuta mahali pa kukaa kwa macho. "Si tumngoje basi, tukinywa chai."

"Msingoje," tata akasema, bila ukali, na hakuondoa kigoda mlangoni. "Njooni siku nyingine."

Waliaga, wakapanda tena kuelekea barabarani wakizungumza kwa sauti ya chini. Tata aliinamisha kichwa, akarudia kumenya, vibaya sana, akiondoa nusu ya ndizi pamoja na ganda, hadi zilizobaki kwenye sufuria zikawa nyembamba kama vidole vyangu. Mama alilala mpaka jua likazama, na hakuna mtu aliyemwamsha.